Banda Letu Katika Maonyesho: Maneno kwa Wafanya Biashara wa Musoma

Tumeombwa kusema nanyi habari za banda la maonyesho, jinsi linavyotengenezwa hata likamletea mwenyewe faida. Tutasema zaidi habari za dagaa, maana hiyo ndiyo mali ambayo wengi wenu mnaishika kwa mikono yenu kila siku. Lakini mwenye asali, mwenye unga wa ulezi, mwenye kahawa ya Tarime au vikapu vya kusuka, naye asiondoke, kwa kuwa mambo mengi ya banda ni yale yale.

Kwanza yapasa tujue maonyesho ni kitu gani. Wengi wetu hudhani kuwa ni soko kubwa kupita Mwigobero, na kwa hiyo hupakia magunia mengi kadiri gari linavyoweza kuchukua, wakaenda kuyauza huko mpaka yaishe. Akirudi na gari tupu mtu husema, "Nimefanikiwa." Akiulizwa ni nani waliomnunulia, hajui hata jina la mmoja wao. Huyo amekwenda soko la mbali kwa nauli kubwa, naye angaliweza kuuza vile vile hapa nyumbani bila kulala safarini.

Watu wa nchi nyingine walikwisha kulifikiri jambo hili zamani. Katika mji wa Leipzig, Ujerumani, palikuwa na gulio mashuhuri tangu karne nyingi, na wafanya biashara walikuja na shehena zao nzima. Reli zilipoenea na viwanda vikawa vyaweza kutengeneza vitu vingi vya namna moja, wakaona kazi ile ni bure. Mwaka 1895 wakafanya maonyesho ya sampuli: kila mtu alikuja na vitu vichache vya kuonyesha, mnunuzi akavitazama, akaagiza, na mali yenyewe ikapelekwa baadaye. Tangu hapo maonyesho mengi ya biashara duniani yamefuata njia hiyo. Basi mwenye banda hauzi hasa kile kilicho mezani. Auza ahadi ya kwamba kile kitakachokuja baadaye kitakuwa sawasawa na kile kilicho mezani. Hili tunaomba mlishike, kwa kuwa mengi ya leo yatatoka humo.

Sasa maonyesho yaliyo karibu nasi ni yapi? Yako ya Nane Nane, sikukuu ya wakulima, ambayo kilele chake ni tarehe 8 Agosti. Watu wa Mara, Simiyu na Shinyanga wamekuwa wakikutana Nyakabindi, wilaya ya Bariadi, mahali ambapo maonyesho ya taifa zima yalifanywa miaka ya 2018, 2019 na 2020. Kutoka hapa ni kupita Bunda hata Lamadi, kisha kugeuka kwenda Bariadi. Safari ya siku moja bila taabu. Tena yako ya Saba Saba, Dar es Salaam, ambayo husimamiwa na TanTrade katika Uwanja wa Mwalimu Julius Nyerere, Barabara ya Kilwa. Mwaka 2025 yalianza tarehe 28 Juni yakaisha tarehe 13 Julai. Huko ni mbali, zaidi ya kilometa 1,000, na siku ni nyingi, na chakula na malazi ya mji hula fedha kuliko panya walavyo mahindi. Hata hivyo jina lililo juu ya lango lile ni la mtu wa Butiama, na sioni kwa nini watu wa kwao wapite chini yake wakiwa watazamaji tu.

Shauri letu ni kwamba kikundi kisichopata kwenda maonyesho yo yote kianze na Nyakabindi. Halmashauri huwa na mahali pake huko, na mwenye bidhaa nzuri aweza kuomba meza ndani ya banda la halmashauri yake bila kukodi banda zima. Ya Dar es Salaam yangoje mwaka wa pili. Wale wanaotaka kwenda huko mapema na wapitie SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, maana huchukua wajasiriamali wengi pamoja, na mzigo wa gharama ukawa mwepesi.

Twasema hivi kwa sababu fedha nyingi za safari hizi si za mtu mmoja. Vikundi vingi vya akina mama wa pwani ya ziwa huendesha biashara kwa mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambao 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana, na 2 ya watu wenye ulemavu. Mkopo ule hauna riba, lakini hurudishwa. Banda likileta hasara, si yule aliyesafiri peke yake atakayelipa. Atalipa na yule mama aliyebaki nyumbani akigeuza dagaa juani, ambaye hata Bariadi hajapata kuiona.

Basi tuje kwenye dagaa wenyewe.

Ninyi mwajua kuliko sisi kwamba dagaa wa Ziwa Viktoria ni mali itafutwayo sana. Katika soko la Kirumba, Mwanza, huja wanunuzi wa kutoka Kongo, Rwanda, Burundi na Kenya. Mwajua pia kwamba sehemu kubwa ya dagaa wetu huishia kuwa chakula cha kuku, wala si kwa sababu watu hawapendi kuwala. Sababu ni mchanga. Dagaa aliyeanikwa chini ufukweni huchukua mchanga katika tumbo na mapezi, na mvua ikinyesha kabla hajakauka huoza pale pale. Aliyeanikwa juu ya chanja, upepo ukipita chini na juu, hukauka upesi zaidi, hubaki na rangi yake ya fedha, na mtu humtafuna bila kusikia changarawe menoni. Kati ya dagaa hao wawili bei si moja, na mnunuzi wa dagaa wa kuliwa si mnunuzi wa dagaa wa kuku.

Hapa ndipo hatari ya banda ilipo. Kikundi huchagua dagaa wa chanja, wazuri, weupe, kikawaweka mezani katika mifuko safi. Mnunuzi atoka duka kubwa la mjini, aonja, apendezwa, aagiza magunia 50. Hapo furaha ni kubwa, na simu hupigwa nyumbani kwamba tumepata soko. Lakini vichanja vya kikundi vyatosha magunia 15 tu. Basi yale 35 yatoka wapi? Hununuliwa kwa majirani walioanika chini, yakachanganywa. Mzigo ukifika, mnunuzi afungua gunia la tatu, atia mkono, apata mchanga. Hatauliza ni gunia la nani. Atasema, "Hawa ni watu wa Musoma," naye atawaambia wenzake. Mwaka utakaofuata mama mwingine, ambaye hakuchanganya kitu, atasimama katika banda lake na dagaa safi, na watu watampita.

Kwa hiyo matengenezo ya banda huanza ufukweni, miezi mitatu au minne kabla ya maonyesho, nayo huanza kwa hesabu. Kikundi kikae, kila mmoja aseme ana chanja kiasi gani, na katika giza moja aweza kukausha magunia mangapi. Tuseme wapo akina mama 20, na kila mmoja aweza magunia 2. Hayo ni 40. Sasa mtoe ya mvua. Mtoe ya mwenye kuugua na mwenye kufiwa. Mtoe ya siku ambazo ziwa huchafuka mitumbwi isitoke. Tuseme mwatoa 10. Yamebaki 30. Basi 30 ndiyo hesabu ya kwenda nayo, iandikwe katika karatasi, na kila atakayesimama bandani aijue kwa moyo. Akija mtu akitaka 100 kila mwezi, ajibiwe kwa heshima, "Bwana, sisi twaweza 30 kwa mwezi, tena sawasawa na hawa unaowaona." Wako watakaoondoka. Lakini mnunuzi mwenye akili huchukua thelathini za kweli, kwa kuwa amekwisha kuahidiwa mia mara nyingi.

Jambo la pili ni mwezi. Maonyesho hufuata kalenda ya ukutani, lakini dagaa hufuata kalenda ya mbinguni. Huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai, siku hizi taa za betri na za nguvu ya jua. Na mbalamwezi ikiwa kali taa hazina nguvu ya kuwakusanya, mitumbwi hukaa pwani. Tazameni mwaka 2025. Giza lilikuwa tarehe 25 Juni, na mwezi mpevu tarehe 10 Julai. Saba Saba ilianguka katikati, mwezi ukikua kila usiku. Giza la pili lilikuwa tarehe 24 Julai, na mwezi mpevu tarehe 9 Agosti, yaani siku moja tu baada ya Nane Nane. Aliyengoja wiki ya maonyesho ndipo atafute dagaa, katika maonyesho yote mawili alikuta ufuko mtupu na bei juu. Aliyekausha katika usiku wa giza wa mwisho wa Juni na wa Julai, akahifadhi mahali pakavu, juu ya mbao wala si sakafuni, huyo alikuwa na mali. Kwa hiyo tarehe za maonyesho zikitangazwa, mtu wa dagaa atazame mara moja mwezi utakuwaje, ahesabu kurudi nyuma, aandike usiku wake wa kukausha. Mwenye asali au unga hana shida hii, naye amshukuru Mungu.

Karatasi zisisahauliwe. Chakula kinachofungwa na kuuzwa chatakiwa kuwa na alama ya ubora ya TBS, na safari ya kuipata si ya wiki moja. Mjasiriamali mdogo aanzie ofisi ya SIDO ya mkoa, aelekezwe. Tena mwoneni Afisa Uvuvi mapema kwa vibali vya kusafirisha mazao ya ziwa, ili gari lisizuiwe kizuizini huku saa za maonyesho zikipita. Juu ya mfuko paandikwe jina la bidhaa, uzito, jina la kikundi na mahali kilipo, namba ya simu, siku ya kufungwa na siku ya mwisho wa matumizi. Uzito uwe wa kweli. Tumeona mifuko iliyoandikwa nusu kilo nayo haifiki. Mnunuzi wa duka ana mizani yake.

Tena andaeni sampuli kwa njia hii. Kutoka gunia moja tieni dagaa katika mifuko mitatu, ifungwe, iandikwe tarehe, itiwe saini na mwenye kikundi. Mnunuzi akiagiza, naye atie saini yake juu ya yote mitatu. Mmoja achukue yeye, wa pili ukae na mwandishi wa kikundi, na wa tatu ukae pale penye vichanja ili kila mama auone anapofunga gunia lake. Siku ya ugomvi, kama upo, mifuko hiyo ndiyo itakayosema.

Na banda lenyewe? Hapa watu hutumia fedha nyingi kuliko panavyostahili: vitambaa vya rangi, maua ya plastiki, mabango yenye sanamu za viongozi. Kitambaa kimoja safi chatosha. Meza isiwe chini mno, mtu asiiname; wala isizuie njia kama kaunta ya polisi, bali iwekwe pembeni ili mtu aweze kuingia na kusimama ndani. Bango liandikwe kwa herufi kubwa zisomekazo kwa hatua kumi, liseme mnauza nini na mnatoka wapi, basi. Chini ya neno dagaa andikeni na majina ya jirani zetu, maana Wakenya wengi huwaita omena na Waganda huwaita mukene, na mtu huvutwa na jina alilozoea jikoni kwa mama yake. Bei iandikwe wazi, ya rejareja na ya jumla. Banda lisiloandika bei humfanya mnunuzi adhani kwamba bei itatoka usoni pake.

Lakini kitu kimoja twataka mkitengeneze, nacho ni rahisi: bakuli kubwa la kioo lenye maji safi. Mgeni akisema, kama wasemavyo wote, "Dagaa wa ziwani wana mchanga," msibishane naye. Mwambieni achote mwenyewe mkono mmoja kutoka gunia lo lote, awatie majini, akoroge, angoje. Maji yakitulia, atazame chini ya bakuli. Hakuna bango liwezalo kusema kama bakuli hilo. Ila kumbukeni, bakuli halijui upendeleo. Kikundi kilichochanganya kisithubutu kuliweka mezani. Kando yake pawe na jiko na sufuria ndogo, dagaa wakaangwe kidogo kidogo mchana kutwa, wapewe watu kuonja na kipande cha ugali. Ombeni ruhusa ya moto kwa wasimamizi kabla ya kuwasha.

Sasa ni nani wa kusimama bandani? Neno hili ni gumu katika vikundi, nasi tutalisema wazi. Mara nyingi huenda mwenyekiti, kwa kuwa ni mwenyekiti, pamoja na kijana wake anayetaka kuona Dar es Salaam. Mnunuzi akiuliza, "Mlianika kwa siku ngapi? Mvua ikinyesha mwafanya nini?" wote wawili hutazamana. Twasema waende wawili: mmoja awe mama anayekausha kwa mikono yake mwenyewe, hata kama hajui kusoma, wa pili awe mtu wa kuandika na kuhesabu. Mama yule atajibu maswali ambayo karani hawezi, na karani ataandika yale ambayo mama hatayakumbuka. Mwenyekiti akitaka kwenda, na ajilipie nauli.

Huyu wa kuandika awe na daftari moja, si vikaratasi mfukoni. Kila mnunuzi aandikwe siku aliyokuja, jina, duka lake au mji wake, simu, ataka kiasi gani, kwa bei gani, lini, na atapokelea wapi mzigo. Wale waliosema "tutaonana" waandikwe ukurasa wa nyuma. Fedha za mauzo ya rejareja ziandikwe daftari lingine, zihesabiwe kila jioni mbele ya wote wawili, zisilale bandani. Na siku ya mwisho, wakati majirani wanapoanza kupiga kelele za bei ya kutupa, ninyi msishushe. Mwenye duka aliyeagiza jana kwa bei ya haki akisikia leo mwauza nusu yake, ataona alidanganywa. Dagaa akibaki arudishwe Musoma au apelekwe Kirumba. Hana haraka kama samaki mbichi.

Tena msikae kwenu tu siku zote. Zamu kwa zamu, mmoja alinde banda na mwingine atembee kwa wengine: watazame mifuko yao, waulize wanunua wapi, bei gani. Watu wa maziwa, wa asali na wa viungo wamekwisha kujifunza mambo mengi ya kufunga ambayo sisi wa ziwani bado. Kujifunza huko peke yake kwaweza kurudisha nauli.

Mkirudi, msipumzike zaidi ya siku mbili. Katika siku saba kila aliyeandikwa daftarini apigiwe simu, hata aliyeagiza gunia moja, akumbushwe maneno yake. Wale wa mzigo mkubwa waombwe malipo ya kwanza kabla ya kupakia, na bei ya usafiri ijulikane ni juu ya nani. Kisha kikundi chote kikutane, daftari lisomwe kwa sauti mbele ya wote, gharama na mapato, ili yule aliyebaki nyumbani ajue fedha ya mkopo wake imefanya nini.

Na siku ya kufunga mzigo wa kwanza, ule mfuko wa sampuli uliobaki Musoma ufunguliwe, umwagwe juu ya sinia mbele ya wote. Kila gunia lifikapo, dagaa wachotwe katikati yake, si juu, walinganishwe na wale wa siniani. Jina la mama aliyelikausha liandikwe juu ya gunia kwa wino usiofutika. Lile lisilolingana lirudi kwa mwenyewe siku hiyo hiyo, hata kama ni la mke wa mwenyekiti, na gari liondoke na pungufu, huku mnunuzi akipigiwa simu kuambiwa kwamba amepelekewa magunia 27 badala ya 30, na sababu yake.